Banona, Miaka Thelathini na Tisa Mbele ya Tanuri

Kesho, siku ya kwanza ya mwezi wa Samonios, Banona binti Togiri anastaafu kazi katika karakana yetu ya shaba hapa ngome ya Vernodunon. Ametumikia miaka thelathini na tisa. Nimeombwa nieleze habari zake kwa sababu mimi, Tasgo, ndiye niliyekaa naye benchi moja muda mrefu kuliko wote waliopo, na kwa sababu mwenyewe amekataa kusema. Anasema akisimama atalia, na akilia tutamcheka. Anatujua vizuri.

Banona hakuja ngomeni kutafuta kazi. Alikuwa na umri wa miaka ishirini, amefuatana na baba yake kuuza mapaja ya nguruwe yaliyokaushwa kwa chumvi. Farasi wao wa mizigo akavunjika mguu pale langoni. Mzee Togiri akaenda vijiji vya chini kutafuta farasi mwingine, akamwacha binti alinde nyama. Mvua ikanyesha, na paa lililokuwa karibu ni letu. Akaingia, akakaa kando ya rundo la makaa, na kwa kuwa mikono yake haijui kukaa bure, akaanza kuyachambua.

Bwana wa karakana wakati huo alikuwa Katumaro, mtu wa maneno machache na pua kubwa. Alimuuliza nani amemruhusu kugusa makaa yake. Banona akamjibu kuwa makaa hayo yalichomwa kwa kuni mbichi. Akachukua mawili, akayagonganisha karibu na sikio la mzee, akamweleza kuwa kaa zuri hulia kama kengele, na haya yake yanakohoa. Katumaro akayasikiliza makaa yake yakikohoa. Baba mtu aliporudi siku ya nne na farasi mpya, aliondoka na farasi tu.

Alichambua makaa miaka miwili. Akafundishwa nta na kalibu za udongo miaka mitatu. Kisha akapewa bikari ya kuchorea duara na mistari ya mapambo, na hapo ndipo Vernodunon ilipojua imepata nini. Mnaijua mistari yake, mizabibu inayogeuka kuwa ndege na ndege wanaorudi kuwa majani. Alikuwa akituambia kwamba mchoro ukikuonyesha ulipoanzia, basi mchoraji alichoka.

Pia alikuwa mtundu. Mwaka wake wa tisa alitengeneza lijamu la farasi wa mkuu wa ngome, limejaa majani yaliyosokotana. Katumaro alilisugua kwa mkono wake mwenyewe, akalisifu mbele ya watu. Siku ya karamu ya mavuno, farasi akainamisha kichwa kunywa maji, lijamu likapinduka, na mke wa Katumaro akaiona sura ya mumewe katikati ya majani, nyusi, pua na vyote. Alicheka mpaka akashika ukuta. Katumaro alinuna siku mbili. Siku ya tatu akamwomba Banona kwamba akimchora tena, ampunguzie pua.

Mimi niliingia miaka minane baada yake. Nilikuwa fundi kamili kutoka ng'ambo ya mto, nimejaa majivuno, na sikupenda kuketi chini ya mwanamke aliyeanzia kwenye makaa. Haya nayasema leo kwa sababu yanahusu jambo nitakalolieleza sasa.

Wakubwa wenzangu mnaukumbuka ule ukame wa marijani. Kazi zetu zote nzuri, bizimu za nguo, ala za panga, kofia za vita, zilipambwa kwa vipande vyekundu vya marijani waliyotuletea Wagiriki wa Massalia pamoja na divai. Mwaka mmoja wakaleta kidogo. Mwaka uliofuata wakaleta vumbi. Kisha wakaja mikono mitupu, wakisema marijani sasa yanapelekwa mashariki, nchi za mbali kabisa, na sisi Wakelti, kama wanavyotuita wote kwa jumla utadhani tumelala nyumba moja, tutafute kitu kingine.

Mmoja wao alikuwa na donge la kioo chekundu, kubwa kama kichwa cha paka, ambalo hakuna aliyelitaka. Katumaro alilitazama akatema mate. Banona alimfuata yule Mgiriki mpaka kwenye gari lake, akabadilishana naye kwa paja zima la nguruwe kutoka kwao. Tulimcheka wiki nzima. Mimi nilicheka zaidi.

Misimu miwili ya kiangazi alihangaika na lile donge baada ya kazi. Alilisaga, akaujaza unga wake katika mifereji aliyoichonga kwenye shaba, akalitia motoni. Liliingia jekundu, likatoka kijani kama mgongo wa chura. Kila mara. Nikampa jina, Mama Chura, na jina likashika. Alikuwa akiitika. Hilo ndilo linaloniuma nikikumbuka, kwamba aliitika kwa upole, kama mtu aliyeitwa kwa jina la babake.

Kisha Litugena akafa.

Litugena alikuwa binti wa mkuu wa ngome, mwenye miaka kumi na sita, ameposwa, arusi ikingoja majira ya kuchipua. Mama yake, Bibi Suadurega, alikuwa ametuagiza bizimu mbili za kufunga vazi la arusi mabegani. Shaba ilikwisha kuwa tayari, kazi ya Banona, yenye vitundu kumi na vinne vya kuwekewa marijani. Tulikuwa na vipande vitatu. Homa ikamchukua binti kwa siku sita, na bizimu za arusi zikawa bizimu za kaburi. Tukapewa siku nne.

Mkuu wa ngome hakuwa mtu mbaya, ila huzuni yake ilitoka kwa njia ya hasira. Alituma habari kwamba karakana iliyoshindwa kumvika mwanawe haina haja ya kuni zake, na kwamba yuko tayari kuleta mafundi kutoka ngome nyingine. Tulikuwa familia kumi na moja. Katumaro alikaa juu ya gogo la fuawe, mikono imelala mapajani. Nilikuwa sijawahi kuiona mikono yake imelala. Mimi nilirudi kwangu, nikaanza kufunga vifaa vyangu, nikitafuta pa kwenda.

Banona alinifuata. Hakuniuliza kwa nini nafunga mizigo. Alisema anataka kukijaribu tena kile kioo, na anahitaji mtu wa kuvuta mivukuto, kwani mkono wangu ni mzito na hauchoki. Nikaenda kwa aibu.

Kwa miaka mingi nimewasimulia vijana kwamba ni mimi niliyevumbua kioo chekundu. Wengi wenu mmenisikia hapa hapa, kikombe mkononi. Leo naomba kusema ukweli mbele ya mwenyewe. Siku ya pili nilikuwa nimechoka, nikaupiga ukingo wa tanuri kwa goti, na rundo la makaa na unga wake likaporomoka juu ya kazi. Nikatukana. Nilitaka kuichomoa kwa koleo niitupe. Banona akanishika mkono, akasema tuiache ipoe ilipo. Tulipoifukua ilikuwa nyekundu. Mimi niliona bahati. Yeye alikaa chini akauliza kimefanyika nini, kisha akajijibu kwamba makaa yameunyima moto upepo, na kioo hiki kinaugua upepo. Akarudia makusudi, nyekundu. Akarudia tena, nyekundu. Goti ni langu, akili ni yake. Miaka yote hiyo nikijisifu, ameketi pale benchi ananisikia, na hajanikanusha hata siku moja.

Vitundu vyote kumi na vinne vilijazwa kioo, kwa kuwa Banona alikataa kukichanganya na vile vipande vitatu vya marijani. Katumaro alizigeuza zile bizimu kwenye mwanga wa mlango, na machozi yakamtoka. Kisha akamwambia Banona lililokuwa moyoni mwa kila mmoja wetu.

"Nyamaza tu, binti yangu. Zing'ae hivyo hivyo. Nani atajua kama si marijani?"

"Nitajua mimi, mzee," Banona akamwambia. "Na yule mtoto analala nazo milele. Siwezi kumlaza na uongo."

Bibi Suadurega alikuja mwenyewe kuzichukua, amekata nywele, miguu ina tope. Banona alimwekea bizimu viganjani, na kabla bibi hajazisifu, akamweleza kila kitu. Kwamba marijani hayakupatikana. Kwamba hiki ni kioo kilichosagwa na kuyeyushwa hapa tanurini. Kwamba akikikataa ana haki. Sisi wengine tulitazama chini. Nilisikia Katumaro akiweka koleo lake sakafuni taratibu, kama mtu anayeaga.

Yule mama alipitisha kidole gumba juu ya wekundu. Kisha akasema, "Marijani hutoka baharini. Mwanangu hakuwahi kuiona bahari. Moto aliuona kila siku ya maisha yake, na kila asubuhi ndiye aliyeuwasha." Akazifunga kwenye nguo yake kifuani, karibu na ngozi, akatushukuru mmoja mmoja, akaenda zake.

Kuni za mkuu hazikusitishwa. Mafundi wa nje hawakuletwa. Kabla ya mwaka kwisha watu walikuwa wanakuja kutoka safari ya siku kumi kuagiza nyekundu ya Banona, na walipoambiwa ni kioo walisema ndicho wanachokitaka. Katumaro alishauri siri ile isitoke nje ya mlango wetu. Banona alimsikiliza kwa heshima, kisha akamfundisha kila aliyeuliza, hata fundi mmoja wa ng'ambo ya mto, mtu wa kwetu, ambaye mimi mwenyewe nisingempa hata majivu. Alipoulizwa sababu alijibu kwamba huko nako watoto hufa, na mama zao nao wana haki ya kitu kizuri.

Na kila mwaka, majira ya kuchipua, Bibi Suadurega alikuwa akija kukaa kando ya tanuri letu. Hakuwa akiagiza kitu. Banona alimwekea ngozi ya kondoo ya kukalia, akampa uji wa shayiri, akaendelea na kazi. Walikuwa wakizungumza habari za nyuki na bei ya chumvi. Jina la Litugena sikulisikia likitajwa, wala sidhani kama lilihitaji kutajwa. Ilikuwa hivyo miaka kumi na minane, mpaka bibi naye alipopumzika.

Katumaro alipokufa, Banona akawa mkuu wetu. Hakupandisha sauti, ila akikuita kwa jina lako kamili ulijua umeharibu. Alizaa na Senilo mfinyanzi binti mmoja, Matugena, na Senilo alipofariki miaka saba iliyopita Banona alikuja kazini siku ya tatu, akavuta mivukuto mchana kutwa, nasi tukamwachia mivukuto.

Msimu wa baridi uliopita nilimwona ameshika kazi iliyomalizika, anaipapasa badala ya kuitazama. Akaniambia kioo cha kitundu cha tano kimezidi, nikipunguze. Nilikitazama sana kabla ya kuiona ile ziada, nyembamba kama unywele. Nikamwambia ana vidole vya ajabu. Akatabasamu.

"Vidole vinafanya kazi ya macho sasa, mdogo wangu. Macho yamekwenda mbele, yananingoja kwa Matugena."

Ndivyo nilivyojua. Nikajifanya natafuta tupa.

Anahamia kivukoni kwa binti yake, ambako kuna mizinga kumi na miwili ya nyuki na wajukuu wanne. Ametuachia mafundi sita aliowafunza, michoro yake yote kwenye mbao, na amri kwamba makaa yasinunuliwe bila kugongwa.

Dada Banona, karakana nzima inakushukuru, walio hai na waliotangulia. Mimi nakushukuru kwa jina ulilonivumilia nikuite na kwa sifa ulizoniachia nijivike. Tumekutengenezea bizimu ya vazi lako la baridi. Kila mmoja wetu amejaza kitundu kimoja, ndiyo maana havilingani. Najua utaipapasa njiani, na kabla hujafika kivukoni utakuwa umejua kipi ni cha nani na nani aliharakisha. Leo usituambie, tuache tufurahi. Njoo utuambie majira ya kuchipua, ngozi ya kondoo itakuwa imetandikwa. Nenda salama, dada yetu. Miungu ikupe asali nyingi, miguu mikavu, na sauti za watoto karibu nawe siku zako zote.