Mkono Mdomoni mwa Mkurugenzi

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi; Mheshimiwa Mkurugenzi wetu, ambaye leo tunakuaga kwa heshima zote; Mama, mke wa Mkurugenzi, uliyetuvumilia sisi pamoja naye; Ndugu Afisa Uhusiano, kiongozi wa kamati ya sherehe; Bwana mshereheshaji, ambaye tayari unatazama saa; wageni waalikwa, marubani, wahasibu, walinzi na mafundi wenzangu; na wewe Sindano, fundi wetu mwembamba kuliko wote, uliyejikunja ndani ya mkia wa ndege hii iliyo nyuma yangu, ambaye hunioni lakini unanisikia, kwa kuwa nimeomba spika moja igeuziwe huko: habari za mchana.

Mimi ni mkuu wa karakana hii mliyokaa ndani yake. Nimeombwa niseme maneno machache. Hayo machache nimeyatafuta tangu asubuhi na sikuyapata, nimepata mengi. Kwa hiyo naomba mkae vizuri, anayetaka kulegeza viatu alegeze, na wale mliosimama nyuma jisogezeeni matairi yale, ni safi.

Kwanza niwaeleze wageni shughuli ya leo. Mkurugenzi wetu anastaafu, na kamati ya sherehe iliona kwamba mtu aliyeongoza kampuni ya ndege hawezi kurudi nyumbani kwa miguu kama aliyetoka kununua mkate. Ni lazima arushwe. Nyumba ya Mkurugenzi mnaiona pale, ile yenye paa la kijani, ng'ambo ya uzio wetu. Pale hapatui ndege. Kwa hiyo ndege itapaa na Mkurugenzi na Mama, itazunguka angani, itatua hapa hapa ilipotoka, kisha wao watashuka na kwenda nyumbani kwa miguu. Nilipouliza safari hiyo ina faida gani, nilijibiwa kwamba sina moyo wa sherehe. Huenda ni kweli. Mimi nina spana.

Pili, niwaeleze Sindano anafanya nini huko mkiani. Katika ndege ndogo kama hii, rubani akikanyaga pedali au akivuta usukani, kinachofikisha agizo lake mkiani ni kebo, yaani kamba ya chuma iliyosokotwa kwa nyuzi nyembamba, isiyofika hata unene wa penseli, inayopita chini ya sakafu na kupinda kwenye vigurudumu. Kebo ikikatika, rubani hubaki ameshika usukani usioendesha kitu. Sasa Mamlaka ya Anga imetoa agizo la lazima: ndege zote za aina hii zikaguliwe kebo, mwanzo hadi mwisho, na kuanzia leo isiyokaguliwa isiruke. Nimelisoma agizo lile mbele na nyuma. Halikusema popote "isipokuwa siku ya kuagana".

Ndege hii tulikuwa tuikague wiki hii. Lakini wiki hii kamati ya sherehe iliichukua kwenda kuipamba, na imeirudisha leo asubuhi, rangi haijakauka. Nawapongeza kwa dhati. Wameipaka ndege nzima, pamoja na vile vifuniko vidogo tunavyovifungua kukagua kebo, hivi kwamba vifuniko vimegandana na bodi la ndege na havijulikani viliko. Juu ya rangi wakabandika picha kubwa ya Mkurugenzi akitabasamu, ubavuni mwa mkia. Nilipouliza kifuniko kikubwa kiko wapi, Afisa Uhusiano alinijibu kwa upole wake ule: "Dada, kiko mdomoni mwa Mheshimiwa, lakini ile picha haikatwi." Na vitambaa vyetu vya pamba vya kukagulia, nilivyovitafuta hadi nikachoka, nimevikuta vimetiwa rangi na kukatwa pembetatu. Ndivyo hivyo vinavyopepea juu ya vichwa vyenu.

Asubuhi nikasema ndege hii hairuki. Mheshimiwa Mwenyekiti akaniuliza kama nina hakika kwamba kebo ni mbovu. Nikasema sina hakika, ndiyo maana watu hukagua. Akasema, "Basi kama huna hakika kwamba ni mbovu, ni nzima." Hoja hiyo nimeigeuza kichwani tangu saa ile, sijapata pa kuishikia. Tukavutana. Mwisho tukaafikiana hivi: Sindano apenye mlango wa mizigo aingie mkiani, akague wakati hotuba zinaendelea, na hotuba ya mwisho ikiisha ndege iondoke, awe amemaliza au hajamaliza, mradi awe ameshuka. Ndugu zangu, hotuba ya mwisho ni hii. Nadhani sasa mmeelewa kwa nini sina haraka.

Bwana mshereheshaji, nimeiona karatasi yako. Umeandika "malizia". Nami namalizia, sikuambiwa nimalizie kwa mwendo gani.

Yule rubani mnayemwona kitini, mwenye vile vidude masikioni, anayenipungia mkono kwa hasira, hasikii neno langu hata moja. Ni mdogo wangu, tumbo moja. Asubuhi alinitazama akaniambia, "Dada, mimi nina leseni, wewe una wasiwasi." Kweli tupu. Lakini mama yetu alipokubali mtoto huyo akasomee urubani, hakumpigia simu yeye, alinipigia mimi. Akasema, "Wewe si ndiye unayefunga misumari ya hizo ndege? Basi huyu asiporudi, na wewe usirudi." Nikamwambia mama, ni skurubu, si misumari. Akakata simu.

Sasa nimsifu Mkurugenzi, maana ndilo nililoitiwa. Je, nani kati yetu asiyeijua haraka yake? Nani hajawahi kuisikia kauli yake, "Ndege haingoji mtu"? Wapo waliodhani ni usemi tu. Siku moja aliamuru ndege ya asubuhi iondoke kwa wakati wake, abiria wakiwa bado ukumbini wanakunywa chai. Ikaondoka. Ilipeleka mabegi peke yake, ikatua mapema, na rubani akapewa cheti cha kutunza muda. Wale abiria nao waliandikiwa barua ya onyo kwa kuchelewa kwenye safari waliyokuwa wameshailipia, wakaomba radhi, na mmoja wao leo yumo humu kama mgeni mwalikwa. Karibu sana, kaka.

Wala si haraka tu. Mkurugenzi ni mtu wa usafi. Alipoingia karakana hii mara ya kwanza alitukuta tunapitisha kitambaa juu ya kebo, taratibu, tumefumba macho. Akasimama, akatazama, akaguswa. Akasema hajawahi kuona watu wanaofuta vumbi hata mahali ambapo mgeni hafiki. Mwaka ule karakana ikapewa kombe la usafi. Mwaka uliofuata tena. Nilijaribu kumweleza kwamba Mheshimiwa, hatufuti vumbi. Uzi mmoja wa kebo ukikatika, macho yanaweza yasiuone, lakini kitambaa kinanasa. Kikipita kimya, ndege iruke. Kikinasa, mtu ashuke. Akanipiga bega akasema, "Unyenyekevu wako naupenda." Kisha akaagiza vumbi hilo tulifute mara moja kwa mwaka, kuokoa vitambaa.

Naomba msicheke. Nimegeuka nimeona mnachokicheka. Ndiyo, mkono umetoka mdomoni mwa Mheshimiwa. Ni mkono wa Sindano, amekipata kifuniko kwa ndani na amekisukuma, na picha imechanika kwenye midomo kwa ustadi mkubwa, meno ya juu hayajaguswa. Afisa Uhusiano, keti, ndugu yangu. Mpeni maji.

Mkono unafumba na kufumbua. Kwa lugha ya karakana maana yake anaomba kitambaa. Alichoingia nacho kimelowa grisi na hakina kazi tena. Nani ana kitambaa safi? Leso za karatasi hazifai. Tai haifai, Mheshimiwa Mwenyekiti, ina mshono katikati, lakini nakushukuru kwa kuifungua.

Mama amesimama. Anavua mtandio wake. Wa nyuma hamkumsikia, narudia kwenye kipaza sauti alichosema: "Chukueni huu. Ni mpya, nimeununua kwa ajili ya leo. Mimi ndiye nitakayekaa kiti cha nyuma, na hakuna aliyeniuliza." Asante, Mama. Mkono umeupokea, umeingia nao, na Mheshimiwa ameumeza mtandio wa mkewe mbele ya halaiki yote. Picha inaendelea kutabasamu.

Niendelee. Naona Mwenyekiti anasimama, nami namwomba akae, kwa sababu ndiyo kwanza nafika kwenye jambo linalomhusu. Tunasema haraka haraka haina baraka, tena tunawafundisha watoto, lakini ndani ya ofisi zetu aliye mzito tunamwita mkorofi, na mwepesi tunampandisha cheo. Sisi wa karakana hatupendwi. Tukifanya kazi yetu vizuri hakuna kinachotokea, na hakuna anayekuja kushukuru kwa kisichotokea. Hakuna mke aliyewahi kugonga mlango wangu akasema, asante, jana mume wangu alirudi kama kawaida. Wanakuja kuuliza tu kwa nini ndege bado iko chini. Nilishazoea, silalamiki. Ila leo ni siku ya kuagana, na mtu akiagana husema yaliyo moyoni.

Mnasikia? Mimi nimesikia. Sindano amegonga bodi la ndege kwa ndani.

Mkono umetoka tena, na umetoka mtupu. Anavuta kitu huko ndani na hakiji. Ngojeni niteremke niangalie, kipaza sauti nakuja nacho.

Mtandio umenasa. Umenasa pale kebo inapopinda kwenye kigurudumu cha mwisho, ile kebo inayoinua na kushusha pua ya ndege. Sindano anasema kwa ndani, nami narudia: "Dada, si uzi mmoja. Zimekatika nyingi, zimesimama kama miiba. Imebaki kidogo sana." Nimesema narudia, sikusema nitapunguza.

Mheshimiwa Mkurugenzi, njoo, karibu. Hapana, usiniamini mimi, miaka yote hukuniamini, usianze leo. Tia mkono wako mwenyewe. Ingiza hapo hapo mdomoni mwako, usiogope, picha haiumi. Umeupata mtandio? Uvute. Vuta tena.

Ndugu wageni, Mkurugenzi ameniuliza swali, na kwa kuwa ameuliza kwa sauti ndogo nami nina kipaza sauti, haki yenu mlisikie. Ameuliza, "Kwa hiyo miaka yote ile hamkuwa mnafuta vumbi?"

Hapana, Mheshimiwa. Hatukuwa tunafuta vumbi.

Anamtazama Mama, aliyekaa kichwa wazi pale mbele. Sasa amesema jambo jingine, na hili ni agizo lake la mwisho kabla hajatoka kazini, tena la kwanza ambalo nalitekeleza bila kubishana: "Mteremsheni rubani."

Mwacheni, namteremsha mwenyewe. Zima kila kitu, mdogo wangu. Vua hivyo vidude. Nipe mkono, kanyaga hapa, hapo rangi ni mbichi. Sasa unanisikia? Vizuri, maana nimeongea mchana kutwa na wewe peke yako ndiye uliyekuwa husikii. Kebo ni mbovu. Ungepaa vizuri kabisa, na pale ambapo ungetaka kuinua pua ya ndege isingeinuka. Usinijibu, najua una leseni. Kila mtu hapa amenicheka kwa hotuba yangu ndefu na mimi nimewachekesha makusudi, lakini nilikuwa naogopa. Kila sentensi niliyoimaliza nilikuwa naogopa kwamba sina nyingine.

Mheshimiwa Mwenyekiti, ulisema hotuba ikiisha ndege iondoke na Mkurugenzi. Ahadi ni deni, na sitaki wageni waseme kampuni hii haitimizi neno. Agizo la Mamlaka linakataza ndege hii kuruka, halikatazi kusukumwa kwa mikono hadi pale kwenye paa la kijani. Sindano, shuka, upumzike. Mlinzi, fungua lango kubwa. Mkurugenzi, panda na Mama, fungeni mikanda, ni utaratibu. Wahasibu shikeni bawa la kushoto, marubani la kulia, wala msiguse rangi. Bodi nzima ije nyuma hapa, chini ya tabasamu. Mwenyekiti, tai yako itie mfukoni, itanasa.

Masikio yenu nimeyatumia kuliko nilivyopewa, na nawashukuruni wote kwa kuniazima. Sasa naomba mikono. Na wewe, mdogo wangu, usiende kwenye bawa na wenzako. Sukuma hapa, karibu nami.