Agneta Nafula Simiyu, Mjane Aliyetaka Majina Yasomwe

Tunayemzika leo, Mama Agneta Nafula Simiyu, alizaliwa tarehe 14 Machi 1964 kijijini Kimaeti, Bungoma, mtoto wa nne wa marehemu Mzee Yosefati Wekesa na Mama Rasoa. Alisoma hapo kijijini hadi darasa la saba. Babake alipofariki, masomo yakaishia hapo.

Mwaka 1984 alimfuata dadake Mombasa, akaajiriwa kushona katika kiwanda kimoja cha nguo Changamwe. Kiswahili chake kilikuwa cha bara. Wiki ya kwanza, Suad, binti mdogo wa Mzee Hadi mwenye duka Mikindani, alimwamkia, "Shikamoo." Akajibu, "Mzuri sana." Bi. Hadeel, mamake Suad, alicheka hadi akakaa chini, kisha akamfundisha kusema marahaba.

Kiwandani alikutana na Dishon Simiyu, fundi wa mitambo. Walifunga ndoa tarehe 6 Desemba 1986, wakajaaliwa Ronny na Cheryl.

Alhamisi tarehe 11 Juni 1992, wafanyakazi waliandamana Mikindani kudai wenzao waliozuiliwa bila mashtaka waachiliwe. Askari waliwavamia kwa marungu. Agneta alimwona mumewe akipigwa kichwani mpaka akaanguka, akapigwa tena akiwa chini. Alipomlalia kumkinga, kitako cha bunduki kilimvunja taya. Dishon akatupwa ndani ya lori. Agneta alikimbia akitema meno hadi dukani kwa Mzee Hadi, naye Bi. Hadeel akamficha chumba cha ndani. Askari walipofika, Mzee Hadi alisimama mlangoni.

"Ndani mna wanawake," aliwaambia. "Wallahi hamuingii nikiwa hai."

Walimpasua kichwa, ila hawakuingia. Siku nne baadaye mwili wa Dishon uliokotwa machimboni Mwakirunge, mikono imefungwa kwa waya. Hakuna aliyeshtakiwa.

Mama aliacha kiwanda, akalea watoto kwa cherehani yake nyumbani. Taya liliunga vibaya. Hakutafuna tena upande wa kushoto, na kila aliposikia lori likisimama nje alinyamaza hadi liondoke.

Mwaka 2024 bunge la kaunti lilipokea hoja ya kumuenzi rais mmoja wa zamani kwa mchango wake katika haki za raia. Suad, ambaye sasa ni mwakilishi wa wadi, alimwomba Mama azungumze mbele ya kamati. Alikwenda Jumatano tarehe 16 Oktoba, amevaa gauni lake la kanisa.

"Msifuni, sikatai," aliwaambia. "Alitia sahihi sheria ya kutulinda raia, na sahihi ile ilitufaa. Lakini waliovunjwa mifupa kabla ya sahihi hiyo walikuwa na majina. Mume wangu alikuwa na jina."

Mwakilishi mmoja akamkatiza. "Mama, hatukuja hapa kufukua ya zamani."

Mama alifungua kinywa, akamwomba asogee aangalie ndani. Yule bwana hakuinuka kitini.

Wiki iliyofuata Suad aliwasilisha marekebisho: rais aenziwe, na majina ya watu sita waliouawa katika maandamano yale ya Mikindani yasomwe na kuandikwa katika kumbukumbu za bunge. Wengine walipiga meza na kumzomea, lakini yakapita kwa tofauti ya kura tatu. Jina la Dishon Simiyu liliposomwa, Mama alilia, jambo ambalo hatukuwa tumeliona tangu mazishi ya mumewe. Alituambia baadaye kwamba hakuhisi ushindi. Alihisi amechoka tu, na akataka kwenda nyumbani.

Februari 2025 alipatwa na kiharusi, na ulimi ukamwia mzito. Alifariki hospitalini Jumanne tarehe 3 Juni 2025, saa moja asubuhi, Cheryl akimshika mkono. Suad aliingia na uji alioomba Mama jana yake, akakuta shuka limeshavutwa hadi usoni.

Ameacha watoto wake Ronny na Cheryl, mkwe wake Lynnette, wajukuu wanne, dadake Jesika, na Suad, aliyemwita mwanangu mbele ya watu wote.

Alale sasa, Mama yetu, mahali ambapo hakuna wa kumkimbiza.