Kidole Iliyoliwa na Majani Chai

Bwana apewe sifa! Na nyinyi wa benchi ya nyuma, itikieni, nawaona. Pastor amesema niongee kidogo tu. Kidogo ya mwanamke mzee huwa ndefu, vumilieni.

Ndugu zangu, mnanijua. Mimi siamini mtu haraka. Hata nikipewa uji nanusa kwanza. Sasa mzee wangu Onchiri, wakati bado anapasua kuni mwenyewe, akaniambia, "Nyaboke, twende benki huko Nyamira uweke kidole. Tufungue akaunti ya sisi wawili. Mmoja akienda, mwingine anatoa." Nikajiuliza, huyu anaenda wapi? Kwetu mtu akitaja kifo ni kama anakiita. Na mwanaume akianza kutafuta kidole ya bibi yake, ujue kuna shamba inataka kutembea. Nikashuku ana mwanamke mwingine huko Keroka.

Nilienda, lakini nilienda kumchunga. Kijana wa benki akaniita nyanya kwa lugha yetu, akaniongelesha kama mtu anabembeleza ndama: "Magokoro, bonyeza hapa polepole." Nikabonyeza. Mashini ikakataa. Nikabonyeza tena, ikakataa. Ndugu zangu, kuchuna majani chai miaka yote ilikuwa imekula kidole yangu mpaka ile mistari yote imeisha, imebaki laini kama kijiko! Mimi nikafurahi. Nikasema, si mnaona, hata Mungu amekataa hii maneno.

Onchiri akasema vidole vipumzike mpaka mistari irudi. Alinikataza shamba. Akabeba kikapu yangu akaenda kuchuna mwenyewe, na wanawake pale kituo cha majani wakamcheka wakimuita Mama Onchiri. Mimi nyumbani napaka vidole mafuta, na kushuku. Mwanaume habebi kikapu ya bibi bure. Mistari iliporudi akanipeleka tena, mashini ikakubali. Akapita pia kwa wakili, akaniandika kwa wosia mimi niwe msimamizi wa mali yake. Akaniambia, "Ile mali ingine ya wosia itangoja korti. Hii akaunti ya wawili haitangoja mtu."

Halafu akaugua. Nikakaa kando ya kitanda yake hospitali mpaka Mungu akamchukua.

Hapo ndipo shemeji yangu Nyakundi, ndugu ya Onchiri, alikuja. Hakulia. Alikohoa, vile yeye hukohoa akitaka kitu, khm, khm: "Shemeji, pole. Pesa ya mtu amekufa, benki hufunga. Sasa mimi nitalipa mochwari yote. Wewe uniachie tu ile shamba ya majani ya chini, karibu na mto." Watu wakasema Nyakundi ni mtu mzuri. Mimi nikaangalia miguu yake. Amevaa gumbuti, zile buti za mpira za shamba. Ndugu zangu, mtu akikuja matanga na gumbuti, huyo hajakuja kulia, amekuja kupima shamba!

Lakini mzee wangu alikuwa amelala mahali pa baridi, na bila kulipa hawangemtoa. Nikamwambia Nyakundi nitampa jibu.

Kulipopambazuka nikaenda Nyamira peke yangu, nikiomba na kushuku, vyote pamoja. Kama kidole imeisha tena? Kama Onchiri alinidanganya? Ndiyo, nilimshuku hata akiwa mochwari, msinicheke. Yule kijana akaniambia, "Magokoro, bonyeza." Nikafunga macho. Halafu nikakumbuka: ile siku zote za hospitali sikugusa jani hata moja. Nilikuwa nimeshika mkono yake tu.

Mashini ikakubali.

Nililia pale benki mpaka askari wa mlango akaniletea kiti. Bwana asifiwe sana! Nikalipa mochwari, tukamtoa Onchiri, tukamzika nyumbani kwake, juu ya ile majani ya mto. Nyakundi alikula nyama ya matanga sahani mbili, na gumbuti yake haikupata tope. Ile mali ingine ya wosia bado iko korti, lakini jina iko huko ni yangu.

Kwa hivyo, ndugu zangu, Mungu huokoa, lakini alianza kuniokoa wakati mzee wangu bado anapumua. Wanaume, ongeeni na bibi zenu mkiwa na nguvu, si mkiwa na dripu. Na wewe mama, ukiambiwa weka kidole, uliza kila kitu. Shuku vile mimi nilishuku. Ukiridhika, pumzisha mkono na umtegemee Yesu, huyo ndiye peke yake sijawahi kumnusa kwanza.

Nimemaliza. Nyakundi, nakuona hapo mlangoni. Ingia ndani tuombe, lakini vua hiyo gumbuti.