Nywele Kwenye Kiota cha Chozi

"Huo ni uzi, mwanangu."

"Ni nywele, mama, tena za mteja wangu."

"Uzi. Macho ninayo."

Kinyozi aliisogeza kamera yake ndogo mpaka ikakaribia kugusa miwani ya mkunga mstaafu, jirani yake wa kiti basini tangu kituo kilichopita. Kiooni, ndege chozi jike alikuwa amebana mdomoni kishungi cheusi.

"Nilikuwa dirishani jikoni, yeye kule mwisho wa ua. Nikivuta picha hivi, mpaka kucha zake unazihesabu."

"Na sasa unaipeleka wapi?"

Kinyozi akanywea. Alikuwa anairudisha dukani, leo ndiyo siku ya mwisho ya kupokelewa. Mkewe, alieleza, amechoka kula vyakula vilivyoungua kwa sababu ya ndege.

"Mkeo ana haki," mkunga akasema, bila hata kuombwa kuamua. "Mtu mzima na ndevu zako, kuchungulia ndege."

"Lakini hata hajataga, mama. Nikiirudisha leo, makinda sitayaona."

Akafungua picha nyingine haraka haraka: kiota kinaning'inia, ndani kimetandikwa zile nywele anazofagia saluni na kuzimwaga uani. Hapo mkunga hakubisha. Alikitazama kwa jicho la kazini, kama anayekagua kitanda cha mzazi.

Basi likasimama mbele ya duka. Kinyozi akainuka, mkunga akamshika shati. Akalegeza kitambaa chake kichwani, mvi zikachomoza.

"Mkasi unao? Nikate kidogo hapa kisogoni, ukamtandikie."