Mpira wa Mama Pacha

Kijiwe chenyewe kilikuwa ubao mmoja mrefu kati ya karakana ya Welda na duka la Kinyozi. Kila alasiri waliukalia walewale: Welda, miwani ya kazi ikiwa bado kichwani, Kinyozi, ambaye kahawa isiyo na ubishi haikumshuka, na Profesa, karani mstaafu aliyejua kila kitu isipokuwa kunyamaza. Siku hiyo Welda alikuwa na jambo lililomkaba tangu asubuhi. Akalitoa kwa upande upande.

— Eti jamani, mtu akienda kucheza bolingi, ule mchezo wa kuviringisha mpira uangushe vigingi viitwavyo pini, mpira anachaguaje?

— Mzito! akadakia Kinyozi. Namba iliyoandikwa juu ndiyo uzito wake. Mwanamume anabeba kumi na sita. Chini ya hapo unacheza gololi.

— Acha zako, akasema Profesa. Unachukua uzito wa mwili, unagawa kwa kumi, halafu unatoa umri.

— Unatoa umri? Basi wewe utabaki na puto!

— Na matundu ya vidole kwenye mpira lazima yabane.

— Yabane? Binamu yangu yalimbana, akavutwa na mpira mpaka mwisho, akaangusha pini zote kwa kichwa. Wakampa kombe!

— Ilikuwa mwezi mpevu, akasema Profesa kwa uhakika. Mwezi mpevu mipira huvuta.

Welda hakucheka. Alikuwa akizungusha kikombe kitupu mkononi.

Pembeni yao, dada mmoja msambaza vifurushi, mgeni pale, alikuwa ametua mzigo anywe kahawa.

— Samahani, kaka. Huo mpira ni wa nani?

Wakatazamana. Hakuna aliyekuwa ameuliza.

— Wa mama watoto, akasema Welda polepole. Zamani alirusha namba kumi na mbili kama anarusha chungwa. Sasa tangu wamwondoe titi, mkono wa upande ule haujapata nguvu. Daktari kamruhusu acheze kidogo kidogo, na Jumamosi wenzake wa kazini wanamngoja. Nikimchagulia mwepesi, ataona namhurumia. Nikinyamaza, atachukua ule wa zamani aumie.

Kinyozi akaweka kikombe chini. Profesa akavua kofia, akaivaa tena.

— Pole sana, kaka, akasema yule dada. Na yeye mwenyewe anataka upi?

 Welda akamtazama Profesa, Profesa akatazama viatu vyake. Miezi miwili Welda alikuwa amepika, amefua, amebeba ndoo kabla mkewe hajazifikia. Kumuuliza, hakuwahi.

Akafunga karakana mapema. Alimkuta mkewe kitandani akikunja nguo za pacha wao.

— Mama Pacha, Jumamosi unataka mpira namba ngapi?

Mkewe akamtazama, kisha akacheka mpaka akajishika ubavu.

— Kumbe ndicho kinachokuhangaisha siku zote hizi? Namba sita, baba. Ile ya watoto. Nina haraka gani?

Jumamosi, kwenye ukumbi wa bolingi, Mama Pacha alishika mpira wa rangi ya waridi, akapiga hatua tatu, akauachia. Welda, nyuma yake, alikuwa ametia mikono mifukoni asije akamshika kiwiko. Mpira ukaenda taratibu kama mtu anayetafuta anwani, ukagusa pini mbili, zikayumba, zikalala.

— Mbili! akapiga kelele Welda.

— Nimeziona, akasema mkewe, jasho likimtoka puani, na mkono tayari umenyooshwa kuchukua mwingine.