Adapta Niliyoificha Mollo

Sikilizeni wanangu, Epifania na Cleophas, sogeeni, na msinijibu maana sisikii tena. Shamba la ulezi mgawane nusu kwa nusu, katekista ni shahidi. Linalonikaba ni la adapta.

Mnaikumbuka siku Maximilian alipokuja na kompyuta yake kurekodi kwaya ya Mollo, mama yenu Salome akiwa ndiye mwanzishaji wa nyimbo? Fundi mitambo wa parokia nilikuwa mimi, lakini siku ile mama yenu alikuwa hanioni, ni "Kaka Max, nisimame hapa? Kaka Max, hivi?" na vicheko juu, nami roho ikaniuma, wanangu, wivu ukanipanda mpaka kichwani. Waya wake ulikuwa wa jeki ndogo, ile pini ya hedifoni za simu, milimita tatu na nusu, na tundu la mikisa yetu, ile mashine ya kuchanganya sauti, linataka jeki kubwa, robo inchi, karibu mara mbili ya unene. Ukichomeka ndogo inapwaya tu. Akaniuliza, "Mzee Isdori, adapta ya kuivika ndogo iwe kubwa iko wapi?" Nikamwambia haipo, labda mjini. Ilikuwa mfukoni mwa koti langu, nimeishika.

Akaondoka, akaahidi kurudi baada ya mavuno, na kabla ya mavuno tukamzika mama yenu. Miaka tisa mnalia kwamba hata sauti yake hamna. Ninayo! Mashine yangu ya kaseti waya wake ni wa jeki kubwa. Yule alipoondoka tu, niliwaambia wanakwaya waimbe moja ya kujaribu, nikamrekodi. Nimekuwa nikimsikiliza peke yangu stoo, kwa hedifoni, sikutaka mtu amsikie, hata ninyi niliowazaa naye. Nisameheni. Sasa masikio yamekufa, naye yumo mle anaimba bila mimi, na hata hilo linanitia wivu.

Kaseti imo kwenye sanduku la bati, adapta mfukoni mwa koti lile lile. Mwiteni Maximilian ainakili, kazi anaijua, nakubali. Akilia mwacheni, ila asiwazidi ninyi.

Mungu awatunze, awape watoto wenye koo la bibi yao. Cleophas, tia kaseti kwenye mashine yangu, lete na spika yako… waya wake ni ule mwembamba, uvike adapta… Epifania, sukuma kwenye tundu la hedifoni la mashine, ni kubwa, usiogope, mpaka ikae. Mimi nitawatazama nyuso…

Anaimba?