Donatille na Glasi ya Pili

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni kiti, ongezeni sauti kidogo. Leo tunamkumbuka mama mmoja wa Kibagabaga, hapa Rwanda. Jina lake ni Donatille. Kwa miaka mingi alisimama nyuma ya kaunta ya baa, katika hoteli moja kule Kagarama. Huenda uliwahi kualikwa arusi pale, ukaletewa kinywaji kizuri, usijue ni nani aliyekichanganya. Alikuwa yeye.

Donatille alitutoka mwezi uliopita. Ilikuwa shinikizo la damu. Alianguka jikoni kwake asubuhi, maji ya chai yakiwa motoni, na hakuamka tena. Ameacha binti mmoja, Kaliza, ambaye ni nesi. Kaliza ndiye aliyetuomba kipindi hiki, na alikuwa na sharti moja.

"Mama hakupenda kusifiwa," alituambia. "Mkimsema, semeni na lile jambo la Kabuga. Mkiliacha, mtakuwa mnamkumbuka mtu mwingine."

Basi tutalisema. Wenyewe wa Kabuga nao wamekubali.

Donatille alizaliwa Karagwe, Tanzania, kwa wazazi waliokuwa wakimbizi. Alirudi kwao Rwanda akiwa msichana mkubwa. Hotelini alianza kwa kuosha glasi, akaosha glasi mpaka vidole vikachubuka. Baadaye wakampandisha kaunta, na hapo ndipo watu walipomjua.

Alikuwa na jicho, wasikilizaji wapendwa. Mteja akianza kurudia hadithi moja, Donatille anampelekea maji na sahani ya brosheti, yaani mishikaki, kabla hajaagiza bia nyingine. Mteja akikasirika, anamjibu kwa upole, na kaunta iko katikati yao. Shakira, mhudumu aliyefanya naye kazi kwa muda mrefu, anakumbuka alivyofundishwa wiki ya kwanza. "Aliniambia, mlevi usimshike mkono. Usibishane naye. Na usibaki naye peke yako, niite mimi. Na kweli, nikimwita alikuja, hata kama ameshika nini."

Huyo ndiye Donatille ambaye watu walimjua. Sasa twende kwenye ile arusi.

Ilikuwa Jumamosi mchana. Ukumbi umejaa, mashada ya maua meupe kila meza. Mtu mmoja alifika mapema, akasogea kaunta. Aliitwa Mutsinzi. Alikuwa mchomeleaji wa mageti huko Kabuga, na bi arusi alikuwa mtoto wa dada yake. Akainama kidogo, akasema kwa sauti ya chini.

"Dada, pole na kazi. Niko na ombi. Mimi pombe niliacha. Ilikuwa imenimaliza. Niwekee juisi tu. Lakini iwe kwa glasi kama ya wengine, shemeji zangu wasianze kuniuliza maswali."

"Hakuna shida, kaka," Donatille alimjibu. "Hilo litabaki kwetu wawili."

Kinywaji cha siku hiyo kilikuwa nanasi na tangawizi, ndani yake ramu. Cha Mutsinzi kilikuwa nanasi na tangawizi bila ramu. Glasi ile ile ndefu. Barafu ile ile. Jani lile lile la mnanaa juu. Ukiziweka pamoja, macho hayawezi kuzitofautisha. Donatille akaiweka ya Mutsinzi pembeni, upande wa kushoto wa kaunta.

Kisha kazi ikazidi. Meneja wao wa wakati huo, Mkenya aitwaye Dominic, akaja mara ya kwanza, akaja mara ya pili.

"Donatille, meza ya wazee bado. Hotuba zinaanza. Fanya haraka."

Akafanya haraka. Akajaza trei ya meza hiyo, ambako Mutsinzi naye alikaa, Shakira akaondoka nayo. Donatille alipogeuka kupangusa kaunta, aliona glasi moja imebaki. Akachovya mrija, akaonja. Haikuwa na ramu. Ilikuwa nanasi na tangawizi tu.

Hapo akaelewa. Juisi ya Mutsinzi iko hapa. Basi kile alichopelekewa Mutsinzi ni pombe.

Akainua macho. Mutsinzi alikuwa ameshaonja. Alisimamisha glasi hewani. Akaitazama ndani, kama mtu anayetafuta kitu kilichozama.

Kutoka kaunta hadi meza ile hapakuwa mbali. Donatille aliweka kitambaa chini, akaanza kwenda. Dominic akamzuia.

"Unaenda wapi? Mzee amesimama kuongea. Usikatize ukumbi."

Naye akarudi. Alijiambia kwamba Mutsinzi ataiweka chini mwenyewe, kwa kuwa ni mtu mzima na ameshajua. Mutsinzi hakuiweka chini. Aliinywa taratibu mpaka barafu ikabaki peke yake.

Wasikilizaji wapendwa, hapo bado tungeweza kusema ni bahati mbaya. Glasi zilichanganyika, mama wa watu aliogopa. Lakini habari haikuishia hapo.

Shakira alirudi kaunta. "Yule mjomba wa bi arusi anataka nyingine. Anasema kama ile ile."

Donatille akachanganya nanasi na tangawizi, bila ramu, akaituma. Baada ya kitambo kidogo Shakira akarudi nayo, imepungua kidogo tu.

"Anasema hii si ile."

Donatille akatazama kule mezani. Mutsinzi alikuwa ameinamia kitambaa cha meza, anakikunja na kukikunjua. Alijua anachoomba. Na Donatille alijua anachoombwa. Kumkatalia kulikuwa na maana moja tu: aende pale mezani aseme kwamba ile ya kwanza ilikuwa kosa lake. Aseme mbele ya wazee, Dominic akisikia.

Akachukua chupa ya ramu. Akamimina.

Narudia ili tuelewane. Glasi ya kwanza ilikuwa kosa. Glasi ya pili haikuwa kosa.

Siku chache baadaye, mwanamke mmoja aliingia hotelini bila kusalimia mtu. Alikuwa Pretty, mke wa Mutsinzi. Mutsinzi alikuwa nyuma yake, hajanyoa, shati halijafungwa vifungo vya juu.

"Nani alimupa bwana yangu pombe?" Pretty aliuliza. "Alikuwa amepona. Nilimuuguza mimi mwenyewe, amepona. Nani?"

Dominic alianza kueleza mambo ya utaratibu wa hoteli. Donatille akatoka nyuma ya kaunta.

"Ni mimi, mama. Nilichanganya glasi. Nimekosea. Nisamehe."

Alisema habari ya glasi moja. Mutsinzi alimsikia, na alijua zilikuwa ngapi. Akatazama sakafu. Naye nyumbani alikuwa amesema habari ya glasi moja.

Kwa muda mrefu Mutsinzi hakusimama vizuri. Alianza kunywa kidogo, kisha sana. Kabla mvua za msimu ule hazijaisha, mashine ya kukatia chuma ilimkata vidole viwili vya mkono wa kushoto. Ilikuwa asubuhi, na tayari alikuwa amekunywa.

Donatille alipopata habari hiyo, alianza kwenda Kabuga. Alikwenda Jumapili baada ya misa, na kikapu cha viazi au unga. Mara ya kwanza Pretty alimwacha asimame mlangoni. Baadaye alimletea kiti nje. Baadaye zaidi akamwingiza jikoni, wakawa wanamenya ndizi pamoja na kuongea habari za watoto. Na siku moja Pretty akamshika bega.

"Mama Kaliza, ihangane. Jipe moyo. Ulikosea, ukakiri. Wangapi wanakiri? Mimi nilikusamehe zamani."

Unaweza kufikiri kwamba siku hiyo Donatille alirudi nyumbani mwepesi. Kaliza anasema ilikuwa kinyume.

"Nilimkuta amekaa kitandani na viatu vyake. Hakula. Nilimuuliza, mama, wamekufukuza? Akasema, afadhali wangenifukuza. Wamenisamehe kitu ambacho sikukifanya kwa kutaka. Nilichokifanya kwa kutaka hawakijui." Ndipo Kaliza alipoijua ile glasi ya pili.

Hotelini walikuwa wamempa Donatille kazi ya kuwafundisha wahudumu wapya. Alifundisha vizuri, na kwa ukali kidogo. Kinywaji kisicho na pombe kiwe na kipande cha chungwa ukingoni, siku zote, na kibebwe kwenye trei yake. Ukikiweka mezani, kitaje jina kwa sauti ambayo mteja ataisikia yeye tu. Alikuwa akisema, "Mteja ana haki ya kuficha. Sisi hatuna haki ya kuchanganya." Mtu aliyelewa apewe maji, apewe chakula, atafutiwe mtu wa kumfikisha nyumbani, na usukani asiuguse. Ukipeleka kinywaji kisicho chake, nenda ukakitoe mezani. Hotuba iendelee, wewe nenda. Usingoje ruhusa ya meneja.

Katika darasa moja kulikuwa na mtu aitwaye Achille. Alikuwa dereva wa lori kabla ya kutafuta kazi ya hoteli, na alikuwa mtu wa kuuliza.

"Mama Donatille, niko na swali. Umempa kwa makosa. Sasa yeye mwenyewe ameipenda, anaomba ya pili. Unafanya nini?"

Darasa likacheka. Donatille hakucheka. Achille mwenyewe alituambia kwamba alimwona akishika ukingo wa meza.

"Tutaendelea kesho," Donatille alisema, akachukua mkoba wake, akatoka.

Jumapili iliyofuata alikwenda Kabuga bila kikapu. Aliwakuta wote wawili uani. Pretty alikuwa anachambua maharage. Mutsinzi alikuwa kwenye kivuli cha ukuta, kichwa kinamuuma kwa pombe ya jana yake. Donatille hakukaa.

"Nina neno," alisema. "Ile siku ya arusi, glasi zilikuwa mbili. Ya kwanza nilikosea. Ya pili nilijua. Nilijua ni pombe, nilijua ni yeye, na nikamimina. Niliogopa kusema ile ya kwanza."

Pretty alibaki na maharage mkononi. Akamgeukia mumewe, labda akingoja akatae. Mutsinzi akainua kichwa.

"Na mimi niliiomba," alisema. "Aliniletea juisi, nikairudisha."

Pretty aliweka ungo chini, akainuka, akaingia ndani. Alirudi na mtandio ambao Donatille aliusahau Jumapili iliyotangulia, umefuliwa na kukunjwa. Akamkabidhi.

"Nenda, Mama Kaliza. Kwa sasa nenda. Nyinyi wawili mlikuwa mnajua, mimi nikaachwa nikiwaombea."

Donatille akaenda. Hakurudi tena Kabuga. Alisema akirudi bila kuitwa, atakuwa anamlazimisha Pretty amsamehe mara ya pili. Lakini darasani alirudi, na alimjibu Achille mbele ya wenzake wote. Aliwaeleza ile arusi yote, bila kuficha jina lake. Shakira alikuwa mlangoni. "Nililia," anasema. "Glasi zote mbili za ramu nilizibeba mimi. Sikujua."

Na Mutsinzi je? Tulimkuta kwenye karakana yake, mtu wa maneno machache.

"Toka ile Jumapili sijaonja," alituambia. "Nilikuwa nakunywa kwa sababu niko na mtu wa kulaumu. Kila chupa nilisema, ni yule mama wa hoteli. Siku ile alipokuja akasema ukweli wake, na wangu ukatoka. Sikubaki na mtu wa kulaumu." Kisha akaongeza, "Yeye aliogopa kupoteza kazi. Mimi niliogopa nini? Nilimwacha mama wa watu anabeba viazi kuja hapa kila Jumapili, na mimi nakula."

Ulipita mwaka na zaidi. Simu ya Kabuga haikulia Kibagabaga. Kisha ikaja ile asubuhi ya jikoni.

Pretty alikuja kilioni. Watu wengi hawakumjua. Alifunga kitenge kiunoni, akakaa na wanawake waliokuwa wanamenya viazi, akamenya mpaka jioni. Tulimwomba maneno machache ya kipindi hiki. Alikataa, kisha akapiga simu mwenyewe.

"Namba yake nilikuwa nayo," alisema. "Siku nyingine nilikuwa naishika simu, naiangalia. Bwana yangu alikuwa amepona, nyumba imetulia. Nikasema, ngoja hasira iishe kabisa, nimwite Noeli aje tule pamoja. Hasira ilikuwa imeisha zamani. Nilikuwa nangoja tu. Yeye alikuja kwangu akasema vibaya vyake. Mimi vizuri vyangu sikumwambia."

Wasikilizaji wapendwa, tunampa pole Kaliza kwa kumpoteza mama. Tunawapa pole Shakira na wahudumu wote aliowafundisha kule Kagarama. Na tunaipa pole nyumba moja ya Kabuga, ambayo haina undugu wowote na marehemu, lakini imefiwa.

Wewe unayemimina, wewe unayeomba nyingine kama ile ile, wewe uliyekaa nyumbani na namba ya mtu kwenye simu yako, tumeyasikia pamoja. Kila mmoja anajua neno lake ni lipi, na nani analingoja. Tukae kimya kidogo kwa ajili ya Donatille. Baada ya hapo, aliye na simu ya kupiga, apige.